Konsati ya Kikelti: sio opera, sio nyimbo za kijijini, sasa hapo unasikiliza nini hasa?

Mwekee mtu aliyesomea opera kipande cha Celtic Woman, lile kundi la kina dada wanaoimba nyimbo zenye asili ya Ayalandi, dakika haiishi atakwambia hao wanaimba na maiki bwana, hiyo sio opera. Mwekee mzee wa Connemara, magharibi kule Ayalandi, mtu aliyekua anasikia nyimbo zikiimbwa jikoni bila ala yoyote, nae atakwambia hayo magauni na hilo rundo la fidla nyuma ni mambo ya watalii. Wote wana hoja. Na bado ukumbi umejaa na watu wazima wanafuta machozi kwa lugha ambayo hawaelewi hata neno moja.

Hii nawaandikia wale waliokaa kwenye viti vya huo ukumbi, au wanaoangalia konsati kwenye simu usiku wakiwa wamelala, wanaipenda ila hawajui wanapenda nini. Mi naona kinachowachanganya watu ni kuuliza "huu ni muziki gani", wakati swali lenye faida ni jingine kabisa: hii sauti ilifundishwa kuimbia wapi, na maiki imeifanya nini? Ukishika hapo mengine yote yanakaa sawa.

Tuanze na wimbo ambao huku kwetu kila mtu anaujua, You Raise Me Up. Wengi tuliupata kwa Westlife mwaka 2005, na Westlife ni Waayalandi kweli, watatu kati yao ni wa mji wa Sligo, kwa hiyo mtu anaona sawa, wimbo wa Kiayalandi. Kumbe melodi ni ya Mnorwe, Rolf Løvland, wa kundi la Secret Garden yeye na mpiga fidla Muayalandi Fionnuala Sherry, maneno ndo aliandika Muayalandi, Brendan Graham, ukatoka 2002, Josh Groban wa Marekani akauimba 2003 kwa ile sauti yake nzito ya kiklasiki ukalipuka dunia nzima, halafu wale kina dada wa Celtic Woman wakaufanya kama wimbo wa nyumbani. Yani Mnorwe katunga kitu chenye harufu ya Ayalandi, Mmarekani kakiimba nusu kiopera, Waayalandi wamekichukua tena. Hiyo ndo krosova, yaani muziki unaovuka mpaka kati ya klasiki na nyimbo za watu, kwa ufupi wake, na asikudanganye mtu kwamba kuna usafi wa asili mahali flani umeharibiwa.

Hata Danny Boy, ambao ukienda konsati yoyote ya aina hii lazima utaukuta, una historia ya namna hiyo hiyo. Melodi ni ya zamani, aliikusanya bibi mmoja anaitwa Jane Ross wa Limavady kaskazini mwa Ayalandi, George Petrie akaichapisha 1855 bila maneno. Maneno aliandika mwanasheria wa Kiingereza, Frederic Weatherly, mwaka 1910, kwa melodi nyingine kabisa, na ilipokuja kumfikia hii ya Limavady akayarekebisha yakaingia, ukachapishwa 1913. Ila sababu ya waimbaji kuupenda haiko kwenye historia, iko kwenye umbo lake. Melodi inaanza chini kabisa, sehemu ambayo soprano wengi, wale wanawake wa sauti ya juu, hapo sauti inakuwa kama pumzi tu, halafu inapanda inapanda mpaka karibu na mwisho inagusa noti moja ya juu sana, mara moja, inashuka. Masafa yake ni zaidi ya okta moja na nusu. Kwa hiyo ukiwa ukumbini subiri ile noti ya juu, angalia mwimbaji anaifanyaje: anaipiga kwa nguvu yote kama mtu wa opera, au anaipunguza mpaka inakuwa uzi mwembamba? Maana hapo ndo utajua amelelewa shule gani.

Shule zenyewe ni mbili, na zinavutana kila kitu.

Ya kwanza ni opera. Mwimbaji wa opera alitengenezwa kwa ajili ya ukumbi usio na umeme. Anatakiwa asikike mpaka kiti cha mwisho juu ya okestra ya watu sitini au themanini, bila spika, sasa binadamu anawezaje? Watafiti wa sauti, akiwemo Johan Sundberg wa Sweden, wamelieleza vizuri hili. Okestra inapopiga kwa nguvu, sehemu kubwa ya nguvu yake iko huko chini, kwenye hezi 500 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde), na inazidi kupungua ukipanda juu. Mwimbaji aliyefundishwa, hasa wanaume, anashusha koo na kupanga nafasi ya ndani ya koo mpaka sauti yake inapata mlima wa ziada kwenye hezi 3000 hivi, mahali ambapo okestra imeshachoka, na sikio la mtu ndo lina ukali sana hapo. Soprano akiwa juu kabisa anatumia ujanja mwingine, anapanua mdomo na taya ili sauti iendane na noti. Kwa hiyo huyo hashindani na okestra kwa makelele, anapita pembeni. Ule mlio wa chuma unaousikia kwenye sauti ya tena wa opera, yule mwanaume wa sauti ya juu, ndo huo. Na ule mtetemo, mara tano mpaka saba kwa sekunde, unasaidia sauti ijitenge na ala.

Ya pili ni sean-nós, uimbaji wa zamani wa Kiayalandi. Mtu mmoja, hana ala, hana kiitikio cha kwaya, mara nyingi kakaa kwenye kiti na macho kafumba. Hakuna mtetemo, hakuna kupandisha na kushusha sauti kwa ajili ya kugusa watu, sauti inatoka puani kidogo na inakaa pale pale. Hisia zote ziko kwenye mapambo, silabi moja inavunjwa kuwa noti nne tano ndogo ndogo, na ubeti wa pili anazivunja tofauti na wa kwanza. Aliyezoea taarab asilia hapa hapati shida, ni kama anavyokaa mwimbaji wa Unguja ametulia usoni huku koo linazungusha neno moja mpaka wasikilizaji wanaguna. Ukumbi wa sean-nós ni jiko au baa, watu ishirini. Ukimpeleka huyo mbele ya watu elfu tatu bila msaada, safu ya tano tu hawasikii kitu.

Sasa ingiza maiki. Maiki inamwambia mtu wa opera, punguza, huna haja ya kupiga mpaka ukuta wa nyuma. Inamwambia mtu wa sean-nós, kaa ulivyo, hata ukinong'ona watakusikia wote. Ikawakutanisha katikati, ikazaliwa sauti ya tatu ambayo haikuwepo: ina usafi na pumzi ndefu za mafunzo ya kiklasiki, lakini ina ukaribu wa mtu anayeimba sikioni kwako. Ndo maana ule ubishi wa "wanatumia maiki" mi naona haufiki popote. Maiki hapo ni ala kama zilivyo ala nyingine, na fundi mitambo aliyekaa nyuma ya ukumbi na lile meza lake la vitufe anaimba na wao, kwa sababu ule mwangwi wa kanisa kubwa unaousikia kwenye kila wimbo, ukumbi hauna, ni yeye ndo anautia.

Ule mwangwi nao una mzazi. Kule Gaoth Dobhair, kaunti ya Donegal, kuna familia iliunda bendi ya Clannad, dada mkubwa Moya Brennan akiimba, na mwaka 1982 wimbo wao wa tamthilia ya televisheni ya Harry's Game, ulioimbwa kwa Kiayalandi, ukafika namba 5 Uingereza, sauti zimepangwa juu ya sinthesaiza kama ukungu. Mdogo wao Enya akaondoka kwenye bendi mwaka huo huo, akajifungia studio na mtayarishaji Nicky Ryan, akaanza kurekodi sauti yake mwenyewe juu ya sauti yake tena na tena, mara nyingi sana, mpaka mtu mmoja akawa kwaya nzima. Albamu ya Watermark ya 1988 ikauza kupita maelezo. Ila Enya hafanyi ziara za konsati, na ukifikiria utaona kwa nini ni ngumu, ile sauti ni ya studio, utaipandishaje stejini? Jibu walilokuja nalo wengine ni rahisi, leta waimbaji wanne wanaoweza kuimba kama mtu mmoja, waongezee kwaya nyuma.

Upande wa opera mlango ulifunguka Roma, tarehe 7 Julai 1990, siku moja kabla ya fainali ya Kombe la Dunia. Waimbaji watatu wa opera, Pavarotti, Domingo na Carreras, waliimba kwenye magofu ya Caracalla, Zubin Mehta akiongoza, na BBC walikuwa tayari wameifanya Nessun dorma ya Pavarotti kuwa muziki wao wa mashindano. Wapenzi wa mpira ambao hawajawahi kukanyaga opera wakaanza kuiimba bafuni. Hapa kuna kitu kidogo nakipenda: kwenye opera yenyewe, Turandot ya Puccini, ule wimbo hauna mwisho wa kupigiwa makofi, muziki unaendelea moja kwa moja kwenye tukio linalofuata. Ule mwisho mkubwa wa konsati umeongezwa ili watu wapate pa kusimama na kushangilia. Kwa hiyo hata hao magwiji watatu walikuwa wanafanya krosova, wamekata dakika tatu kwenye mchezo wa masaa mawili na kuushonea mkia.

Halafu Dublin, 30 Aprili 1994, Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Wakati kura zinasubiriwa, pengo la dakika saba likajazwa na Riverdance: kwaya ya Anúna inaanza taratibu kwa sauti za kikanisa, halafu Jean Butler anatoka kucheza, halafu ngoma na Michael Flatley, mwisho mstari mrefu wa wachezaji, muziki wa Bill Whelan. Usiku huo huo Ayalandi wakashinda kwa wimbo wa, unamkumbuka, Brendan Graham yule yule. Watu wa biashara ya muziki wakaona kumbe hii kitu inauzika kwenye kumbi kubwa.

Miaka kumi baadae David Downes, aliyekuwa amepita kwenye Riverdance kama mkuu wa muziki, na prodyuza Sharon Browne wakawakusanya wanawake watano ukumbi wa Helix, Dublin, tarehe 15 Septemba 2004. Ulipangwa kuwa usiku mmoja tu! Sasa waangalie hao watano kwa lile swali letu la sauti imetoka wapi. Méav Ní Mhaolchatha kapita Anúna, soprano safi kama maji ya kisima. Órla Fallon anaimba Kiayalandi huku anapiga kinubi. Lisa Kelly ni wa majukwaa ya michezo ya kuigiza yenye nyimbo, neno lake linasikika hata akiwa anatembea. Chloë Agnew alikuwa na miaka 15, akapewa zile za kiklasiki. Máiréad Nesbitt haimbi, anapiga fidla na kukimbia steji nzima. Kumbe "Celtic Woman" sio sauti moja, ni sauti nne zimepangwa zipokezane, na ukilijua hilo huchoki, maana ukisikiliza kama kitu kimoja kitamu nyimbo ishirini, ukweli usemwe, utasinzia.

Televisheni ya umma ya Marekani, PBS, wakairusha Machi 2005. PBS wanaishi kwa michango ya watazamaji, na kwenye wiki za kuchangisha wanaweka konsati kama hizi, unachangia unatumiwa DVD. Machi kuna sikukuu ya Mtakatifu Patrick tarehe 17. Na Marekani kuna mamilioni ya watu wanaohesabu asili yao ni Ayalandi, wengi babu zao waliondoka wakati wa ile njaa kubwa ya viazi ya 1845 mpaka 1852 iliyoua watu kama milioni moja na kuwatoa wengine kama milioni moja. Sasa unaelewa kwa nini nusu ya nyimbo ni za kuagana, meli, bahari, mama amebaki mlangoni. Sio kwamba watunzi hawana mada nyingine, ni kwamba waliokaa kwenye viti ndo wajukuu wa walioondoka.

Ukiwa ndani ya ukumbi kuna vitu vya kuvizia. Lugha kwanza. Siúil a Rún kwa mfano, beti ni Kiingereza na kiitikio ni Kiayalandi, mwanamke anamlilia mpenzi aliyekwenda vitani, na sikia jinsi sauti inavyobadilika akiingia kwenye Kiayalandi, mapambo yanaongezeka, koo linalegea. Mo Ghile Mear ndo mtego kabisa: ngoma zinapigwa, watu wanapiga makofi, unadhani harusi, kumbe ni maombolezo ya karne ya 18, nchi imechorwa kama mwanamke anayemlilia mwanamfalme Charles Stuart aliyeshindwa kwenye vita vya Culloden, Uskoti, mwaka 1746 akakimbilia ng'ambo. Watu wanarukaruka kwenye msiba.

Ngoma yenyewe ile ya mkononi inaitwa bodhrán, ukiiona utasema ni dufu tu, ila wao wanaipiga kwa kijiti kifupi na mkono mwingine uko ndani ya ngozi unabadilisha sauti. Fidla ikianza jigi, ule muziki wa haraka wa kucheza, hesabu itakuja kwa vikundi vya tatu, sita kwa nane, na hapo mtu aliyekulia kwenye ngoma zetu mguu unajua wenyewe cha kufanya kabla kichwa hakijaelewa. Makofi piga, hii sio simfoni ya kukaa kimya mpaka sehemu zote nne ziishe. Ila kwenye wimbo wa polepole wa mtu mmoja, tafadhali, acha noti ya mwisho ife yenyewe ndo upige. Wapo wale wanaowahi, sijui wanakimbizwa na nani.

Zumari za mfuko nazo zieleweke ziko mbili tofauti. Za Kiayalandi, uilleann, anakaa chini, hewa inasukumwa na kiwiko, sauti ni laini ya ndani ya nyumba, inaweza kukaa pembeni ya mwimbaji bila kumfunika. Za Uskoti ni za kupuliza kwa mdomo, zilitengenezwa kwa uwanja na vita, zina noti tisa tu na haziwezi kupigwa kwa sauti ndogo, ni kelele zote au kimya. Tena zimekaa juu kidogo ya noti ya kawaida ya ala nyingine, si bemoli, kwa hiyo zikiingia okestra nzima ndo inazifuata, na ndo sababu waandaaji huwa wanaziweka mwishoni, baada yake mwimbaji mmoja na kinubi atasikika kama mbu.

Wasomaji wetu wa Muscat hizi zumari hawazishangai, jeshi la Oman lina bendi zake za zumari za Kiskoti mpaka za juu ya ngamia, na Sultan Qaboos mwenyewe alihudumu kwenye kikosi cha Kiskoti cha Cameronians baada ya Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza. Tena Royal Opera House ya Muscat ilipofunguliwa Oktoba 2011 walianza na Turandot, Domingo akiongoza okestra. Kwa hiyo Mswahili wa Oman angeweza kusikia ile Nessun dorma mahali pake halisi, bila mkia wa kushonewa.

Yapo yanayonikera pia. Kupandisha ufunguo kabla ya korasi ya mwisho, ile unasikia wimbo mzima umenyanyuliwa ngazi moja na taa zinawaka kwa nyuma, mara ya kwanza inasisimua, mara ya nne kwa usiku mmoja unaona kamba zinazovutwa. Na ile pazia ya sinthesaiza chini ya kila kitu inameza mapambo ya sauti, yale yale ambayo ndo utajiri wa Kiayalandi. Mwimbaji anavunja silabi vizuri kabisa halafu fidla za nyuma zimeshika noti nene juu yake, ya nini? Konsati nzuri utaijua hapo, kuna angalau wimbo mmoja wamezima vyote wakamwacha mtu na sauti yake. Pia kuna tabia ya kumtangaza mtu kama "nyota wa opera" wakati hajawahi kuigiza opera nzima stejini, hilo ni la wauza tiketi na watu wa opera wana haki ya kununa.

Ukitaka kujifunza sikio kabla hujalipa tiketi, fuata mpangilio huu usiku mmoja. Anza na Joe Heaney wa Carna, Connemara, alifariki 1984, rekodi zake zipo, yeye na sauti tu, vumilia dakika mbili za kwanza maana ni ngumu. Kisha Clannad ya 1982. Kisha Nessun dorma ya Pavarotti, halafu Méav akiimba Danny Boy kwenye ile ya Helix 2004. Malizia na Hayley Westenra kwenye konsati ya Slane Castle ya 2006, huyo ni wa Christchurch, New Zealand, na ukimsikia anaimba na hao wenzake wa Ayalandi jaribu kumtambua kwa sauti peke yake ukiwa hujaangalia skrini.